Kibanda Anachojenga Mama

Dolna Krusha, 24 Februari 2011

Mwanangu Ognyan,

Nakusalimu wewe pamoja na mgongo wako. Kiuno kimepoa, au bado unaamka umepinda kama mzee kuliko mimi? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Magoti yanalalamika, hilo si jipya. Lakini masikio ndiyo yamekwisha. Jumapili ulipopiga simu nilikusikia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, nikawa najibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu. Kama uliniuliza jambo la maana, usilitegemee jibu lile. Afadhali tuandikiane. Sevda wa posta anapita Jumanne na Ijumaa, na hana mizigo mingi siku hizi. Kijiji kizima tumebaki watu arobaini na moja.

Ndani ya bahasha kuna uzi wa Machi, mwekundu na mweupe, ule wa kuombeana afya. Ufunge mkononi, usione haya mbele ya hao Waaustria wako.

Sasa shida yangu. Nataka kujenga kibanda bustanini, kule mwisho karibu na uzio wa Tseko, tulipokuwa tukipanda vitunguu. Hatua nne kwa tatu, mlango mmoja, dirisha dogo. Cha kuwekea majembe, reki, toroli, pampu ya kunyunyizia mizabibu, mapipa ya kabichi, magunia ya viazi. Vyote hivyo sasa vimejazana chumba cha chini, nami nataka chumba cha chini kiwe kitupu. Mbao zipo, maana zizi la nguruwe linaanguka lenyewe, nitalimalizia. Vigae vyake vingi bado vizima.

Wewe ndiye fundi wa mapaa. Nichoree kwenye karatasi na unieleze hatua kwa hatua, kama unamweleza mtu asiyejua kitu, kwa sababu Tseko ameahidi kunisaidia.

Usiniulize kwa nini sasa. Nataka chumba, basi.

Akupendaye, mama yako.


Linz, 13 Machi 2011

Mama, shikamoo.

Barua imefika na uzi nimeufunga. Mkuu wetu wa kazi ameniuliza kama nimejikata. Mgongo uko vilevile. Wiki iliyopita tumeezeka shule nzima kwenye upepo, nikirudi nyumbani navua buti nikiwa nimelala chali kitandani, siwezi kuinama. Nina miaka arobaini, Mama, na nikimwona kijana anapanda ngazi anakimbia natamani kumrushia nyundo.

Sasa wewe una sitini na nane na unataka kubomoa zizi. Hapa madukani wanauza vibanda vya bati, vinakuja vimekunjwa ndani ya boksi. Nitakutumia kimoja. Lakini najua umeshasema "hapana" kabla hujamaliza kusoma mstari huu, kwa hiyo nakuchorea. Mchoro uko nyuma ya karatasi.

Kwanza, usiweke nguzo ndani ya udongo. Zitaoza baada ya miaka mitano. Weka jiwe kubwa kila kona na moja katikati ya kila upande mrefu, jumla sita. Chimba kina cha goti, mwaga kokoto, shindilia, ndipo jiwe likae. Mawe yote lazima yawe usawa mmoja. Kama huna pima maji, chukua mpira wa maji ule mweupe unaoonyesha ndani, ujaze maji, wewe shika ncha moja kwenye jiwe la kwanza na Tseko ashike nyingine kwenye jiwe la pili. Maji yanapotulia, pande zote mbili yako sawa, hata kama ardhi imelala. Juu ya kila jiwe weka kipande cha karatasi ya lami, ndipo mbao.

Nafurahi unakisafisha chumba cha chini. Umekaa na vitu vya yule bwana miaka kumi na tisa, randa zake, suruali yake ya kazi bado imetundikwa kwenye msumari. Usivihamishie kibandani. Vichome moto. Ningekuwepo ningevichoma mimi.

Kula vizuri, na usinyanyue jiwe lolote peke yako.

Mwanao, Ognyan.


Dolna Krusha, 10 Aprili 2011

Mwanangu Ognyan,

Salamu nyingi. Huku tunaendelea, mvua ilitushika siku kumi na sasa limetoka jua. Kiuno nacho? Paka mafuta niliyokupa, usiyaweke tu dirishani yapendeze.

Mawe yamekaa. Nimechoka, mwanangu, mpaka kijiko naona kizito, lakini yamekaa, yote sita. Ule mpira wako ulitaka kutugombanisha. Tseko alishika ncha yake, mimi yangu, nikamwona anapanua mdomo tu. Nikapiga kelele, "Sema kwa nguvu!" Akaja mpaka kwangu, akaniambia sikioni, "Nasema maji yanapanda!" Na kwa kuwa amekuja na ncha yake mkononi, maji yote yakamwagikia viatuni kwangu. Tukajaza upya. Mara ya pili akakohoa, akaiachia. Mara ya tatu nikamwambia, "Tseko, ukiachia tena, pombe yangu ya rakia huioni." Akashika kama kashika mtoto mchanga.

Zizi nimelibomoa, mbao nimezing'oa misumari moja moja na kuzipanga. Fremu ya chini tumeigongomea jana. Tseko anasema inafanana na kitanda cha jitu.

Nimeviondoa vitu chumba cha chini, viko nje chini ya turubai. Sikuchoma kitu. Randa ni randa, haina kosa. Nimepaka chokaa kuta zote, nimepiga deki mara tatu. Harufu ya viazi bado haitoki.

Sasa niambie habari ya kuta na paa. Fanya haraka kidogo, sina muda mwingi.

Mama yako.


Linz, 2 Mei 2011

Mama, shikamoo. Nimecheka peke yangu ndani ya tramu mpaka watu wakanitazama. Msalimie Mzee Tseko, mwambie nimemwandikia cheti cha ufundi.

Kuta: nguzo sita, tatu fupi upande wa kwako, tatu ndefu upande wa uzio, ili paa lilale kuelekea kwako na si kwa Tseko, la sivyo mvua ya kwanza itamwagika kwenye nyanya zake na urafiki umekwisha. Kila mita moja ya paa, lishushe sentimita arobaini. Pungufu ya hapo vigae vitarudisha maji ndani. Mbao za ukutani zigongomee zikipandana, ya juu iifunike ya chini kwa upana wa vidole viwili, na uache upenyo chini ya paa hewa ipite. Kibanda kisichopumua huozesha mpini wa jembe.

Paa usiliguse. Nasema tena, usiliguse. Nimeomba likizo mwezi Agosti, wiki tatu, nimepata. Nitakuja niezeke mimi. Weka turubai tu mpaka nifike. Na hicho chumba cha chini ulichokipaka chokaa nitalala humo. Juu kuna joto, na ngazi zile mgongo wangu hauzitaki. Nimekifikiria sana wiki hii, Mama. Kitanda kando ya dirisha, mlango wazi, naona bustani. Nadhani naweza kulala siku mbili mfululizo.

Nina hamu na supu yako ya maharage hata kama ni Agosti.

Mwanao, Ognyan.


Dolna Krusha, 19 Mei 2011

Ognyan, mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara nikifika pale pa kitanda kando ya dirisha naiweka mezani. Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili.

Kitanda kipo, na kipo kando ya dirisha hasa. Ila amelala baba yako.

Sikukuambia mapema kwa sababu ungenikataza, na ningekusikiliza. Mwisho wa Januari Sevda aliniletea barua ya hospitali. Metodi alipigwa na kiharusi, upande wote wa kulia umekufa. Yule mwanamke wake alifariki mwaka juzi, nyumba ni ya watoto wake, nao wakasema hawana pa kumweka. Sisi hatukuachana kwenye karatasi, hakuna aliyejisumbua, kwa hiyo walipotafuta ndugu walinikuta mimi.

Nilikwenda kusema hapana. Nakuapia. Nilivaa koti zuri nikaenda kumwambia daktari hapana. Nikamkuta amekaa kitandani, nusu ya uso imenyolewa na nusu ina ndevu. Alikuwa amejinyoa mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akaishia pale mkono ulipofika. Wodi nzima ya watu, na hakuna aliyeona kwamba mtu amenyolewa nusu. Nikachukua wembe nikammalizia. Nilipomaliza ile "hapana" sikuiona tena ilipo.

Ngazi hawezi kupanda. Ndiyo maana nilitaka chumba cha chini.

Walimleta tarehe kumi na moja. Wale vijana wa gari la hospitali walipomshusha alitazama uwanja wote, akasema, taratibu, maana ulimi nao umepinda, na mimi nikamsogelea mdomo ili nisikie:

"Zdravka, nilale wapi?"

"Ulipoweka randa zako," nikamwambia.

"Umenisamehe?"

"Sijakusamehe. Supu iko mezani."

Akalia. Sikumpa kitambaa, akajifuta kwa mkono wa shati.

Sasa unajua yote. Njoo Agosti kama ulivyosema. Nitakutandikia juu, nitafungua madirisha yote mawili.

Mama yako.


Linz, 4 Juni 2011

Mama,

Ulimwosha mama yake miaka sita. Ulimgeuza kitandani, ulimlisha kwa kijiko, mama yake, si wako. Alipokufa bibi, yeye alikuwa kilomita thelathini tu kutoka pale na hakuja. Januari. Ardhi ilikuwa jiwe kwa baridi. Nililichimba lile kaburi mimi kwa sururu, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na kila nilipoinua kichwa nilitazama barabarani. Nilitazama barabarani mpaka jeneza liliposhuka. Kisha nikaacha kutazama, na mpaka leo sijatazama.

Na wewe umenifanya nikuchoree nguzo na mawe ili umpatie yeye nafasi. Nilikaa hapa na penseli Jumapili nzima, na mgongo wangu huu, nikifikiri namjengea mama yangu.

Sitakuja Agosti. Paa aezeke yeye.

Ognyan.


Dolna Krusha, 8 Julai 2011

Mwanangu Ognyan,

Salamu. Ulichokiandika ni kweli, kila neno. Mimi pia niliitazama ile barabara. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, hukuniona.

Najua nilikudanganya kwa kunyamaza. Hilo ni kosa langu, si lake, usiliweke kwenye fungu lake.

Habari za hapa. Kuta zimesimama. Tunafanya kazi asubuhi mpaka saa nne, kisha joto linatufukuza. Baba yako tunamtoa nje na kiti, anakaa chini ya mti wa plamu na fimbo yake, anatoa amri. Mimi simsikii, Tseko haelewi ule ulimi uliopinda, kwa hiyo amri zinapotea hewani. Juzi alikasirika akanyoosha fimbo akaonyesha ubao mmoja. Tseko akauliza, "Huu?" Akatikisa kichwa. "Huu?" Akatikisa. Mbao zote tisa, na jua lile. Kumbe alikuwa anatuonyesha nyoka. Nyoka alishaondoka zake.

Usiku namgeuza mara mbili, kulia na kushoto. Sina nguvu niliyokuwa nayo nilipomgeuza mama yake. Namwosha, nafua, nanyunyizia mizabibu, nasaga viazi vyake maana kutafuna anashindwa upande mmoja. Kuna siku nakaa kwenye ngazi ya mlango na sijui kama nilikuwa naingia au natoka.

Sikuandikii ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu nimezoea kukuandikia.

Agosti ikipita, ije Septemba. Mlango uko wazi.

Mama yako.


Dolna Krusha, 3 Septemba 2011

Ognyan,

Anayekuandikia ni Metodi. Mama yako hajui. Naandika kwa mkono wa kushoto, barua hii imechukua siku tatu. Usome polepole.

Jumatatu mama yako alianguka kutoka kwenye ngazi. Alikuwa anapandisha vigae. Nilimwambia asipande. Akasema, "Basi panda wewe." Ngazi iliteleza. Nilikuwa kwenye kiti, hatua sita tu kutoka kwake, na sikuweza kumfikia. Nilijiangusha nikatambaa. Nilipofika alikuwa amefumba macho. Nikachukua fimbo nikaipiga ndoo ya bati mpaka Tseko akaja.

Mkono wa kulia umevunjika kwenye kifundo. Amefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Kichwa wamekipima, kizima. Yuko nyumbani. Sasa yeye ana mkono wa kushoto na mimi wa kushoto. Viazi, mimi navishika, yeye anamenya. Mke wa Tseko analeta mkate.

Wiki nzima hajalala kitandani kwake juu. Analala kwenye kiti chumbani kwangu, eti asije akachelewa kunigeuza. Kwa mkono mmoja. Nimemwambia niache nilale upande mmoja, hasikii. Sijui kama ni masikio.

Paa limefika nusu. Mvua inakuja.

Siandiki habari za yale ya zamani. Sina haki nayo. Sijiombei mimi chochote. Njoo umwone yeye, nami nitakaa ndani, hutaniona.

Metodi.


Dolna Krusha, 16 Oktoba 2011

Mwanangu Ognyan,

Nakusalimu. Plasta wameitoa Jumatano. Mkono umekonda kama wa kuku na herufi zangu unaziona zinavyolewa, lakini ni wangu na unaandika. Wewe ulifika salama? Basi halikuchelewa mpakani? Mgongo umesemaje baada ya siku nne za paa langu? Usinijibu "vizuri."

Sikukuaga kama nilivyotaka. Ulivyokuja bila taarifa, begi moja na mkanda wa nyundo kiunoni, nilifikiri ni mtu wa umeme. Na ulivyoondoka gari la Tseko lilikuwa linaunguruma, nikashindwa kusema mbele yake. Kwa hiyo nasema hapa. Ahsante. Mvua imenyesha siku sita na ndani ya kibanda pakavu. Nimeingiza majembe, pampu, viazi, mapipa. Jana niliingia nikakaa juu ya gunia, bila kufanya kitu. Nilisikia mvua kwenye vigae. Mimi, nilisikia, au nilihisi, sijui.

Siku nne hukumsemesha. Sikulaumu. Ila siku ile ya supu, unaniambia mimi, "Mwambie asogeze chumvi," na yeye ananiambia mimi, "Mwambie iko mbele yake," na mimi katikati sisikii hata mmoja wenu, nawauliza "Nini? Nini?" kama kasuku. Watu wengine wakigombana hutafuta mkalimani. Nyinyi mmemtafuta kiziwi.

Kuna jambo moja hukuliona kwa sababu ulikuwa juu. Kila asubuhi ulikuta vigae vimepangwa chini ya ngazi, vizima upande mmoja, vyenye ufa upande mwingine. Siku ya pili ulimshukuru Tseko. Tseko akainamisha kichwa akapokea shukrani, mwizi yule. Hakuwa Tseko. Baba yako alikuwa ananiamsha kabla jua halijatoka. Namkalisha pale kwenye rundo, anachukua kigae, anakiweka pajani, anakigonga kwa kidole kilichokunjwa, anasikiliza. Kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Alinieleza hivyo, mimi hayo siyasikii. Akimaliza ananiambia nimrudishe ndani, upesi, kabla hujashuka. Alikuahidi kwamba hutamwona.

Sikuandikii hili ili ubadilishe moyo. Naandika tu ujue ni nani, usije ukamshukuru Tseko tena.

Sasa mlango. Uliuacha umelazwa chini kwa sababu likizo ilikwisha. Baba yako ameutengeneza na kuutundika yeye. Ilimchukua siku nane. Mimi nilishika, yeye akagongomea, kwa kushoto, misumari ishirini na miwili, na alinigonga kidole mara moja tu. Bawaba zimekaa vizuri. Lakini mlango umeanza kulegea upande wa komeo, unaburuta chini, nalazimika kuunyanyua kwa goti nikitaka kufunga. Yeye anasema ni mbao zimevimba kwa mvua, zikikauka utapanda wenyewe. Mimi sijui. Nimeuchora hapa chini, na ule ubao wa mshazari wa kuukaza, kuanzia kona ya juu kwenye bawaba kushuka mpaka kona ya chini kwenye komeo. Nimemwambia nitakuuliza. Akasema, "Usimsumbue, amechoka."

Hilo nalo nimeliandika kama alivyolisema.

Mama yako.


Linz, 20 Novemba 2011

Mama, shikamoo.

Nimechelewa kujibu. Mgongo ulinilaza wiki mbili, safari hii sikwenda kazini kabisa. Daktari ananiambia nitafute kazi ya chini, si ya juu ya mapaa. Nimekaa nikitazama dari, na barua yako iko juu ya tumbo langu.

Mazoezi ya kifundo fanya kila siku, kunja na kunjua, hata ukichoka. Usimnyanyue peke yako. Namwandikia Tseko karatasi yake kuhusu hilo, na kuhusu vigae pia.

Karatasi ya pili si yako. Mpe mwenyewe, aisome mwenyewe.

Mwanao, Ognyan.


Baba, shikamoo.

Mama amenichorea mlango. Si mvua. Ubao wa mshazari umeuweka kinyume. Unatakiwa uanzie chini kwenye bawaba, upande kwenda juu kwenye komeo, ili uzito wa mlango uusukume ule ubao nao uegemee kwenye bawaba ya chini. Ulivyouweka wewe, mlango unauvuta tu, na misumari haiwezi kushikilia. Kila siku utashuka kidogo.

Ulinifundisha hili wewe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tulikuwa tunatengeneza lango la mbuzi, nikauweka hivihivi ulivyouweka, ukanigonga kichwani na penseli. Nimeshatengeneza milango mingi hapa, na kila mara nikishika ubao ule naisikia ile penseli. Sijui kama umesahau kwa ajili ya ugonjwa. Kama ni hivyo, pole.

Misumari imenyooka, Mama ameichora yote ishirini na miwili. Kwa kushoto sijui uliwezaje.

Usiutoe peke yako. Tseko aunyanyue, wewe ung'oe ubao, uugeuze, mashimo mapya yawe kando ya yale ya zamani, si palepale.

Hayo mengine siwezi bado. Sijui kama nitaweza, na sitaki kukuahidi kitu. Ule usiku wa mwisho nilishuka kunywa maji, mlango wako ulikuwa wazi, nikakuona unamtazama Mama amelala kwenye kiti. Nilisimama pale muda mrefu. Kisha nikapanda juu bila kunywa maji.

Nimechoka, Baba. Nilikuwa nafikiri kinachonichosha ni mapaa.

Nimekata tiketi ya basi la tarehe ishirini na mbili Desemba. Nitalala juu, chumbani kwangu. Asubuhi yake nitakutoa nje na kiti tuutazame huo mlango. Ukiwa umeshautengeneza kabla sijafika, sawa tu, tutatafuta kingine cha kutazama.

Mwanao,
Ognyan.